Faili la Virusi na Damu ya Wifi Yangu

Mwezi uliopita waliniita mjini Bukoba nizungumze na vijana wa maabara. Walinitumia bodaboda mpaka Nshambya ninakoishi, wakanikalisha mbele karibu na feni, wakanitambulisha kama Ma Leokadia, mkongwe wetu. Nikazungumza. Nilipomaliza, kijana mmoja wa mstari wa pili, shati limenyooshwa pasi, akainua mkono. Akasema, "Mama, ninyi zamani mlikuwa mnagawa data ovyo. Siku hizi data ni mali. Mimi ya kwangu naikalia mpaka makala yangu itoke." Wenzake wakacheka, na wawili watatu wakapiga makofi.

Nilisimama, nikachukua mkoba wangu, nikaondoka kabla ya chai. Mwenyekiti alinifuata mpaka nje akiniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimekasirika. Hasira hiyo bado ninayo, na ndiyo inayoandika haya. Kwa hiyo wewe kijana, kama ndiwe unayesoma, kaa vizuri. Nataka kukuambia habari za Yustina, wifi yangu, mke wa kaka yangu Anatoli, na jinsi watu waliosoma kuliko mimi na wewe walivyoikalia habari moja mpaka ikaingia kwenye mishipa yake.

Lakini kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana najua mnadhani tulikuwa tunafanya mchezo.

Mimi nilikuwa fundi sanifu wa maabara. Nilianza na malaria na minyoo, miaka michache baada ya vita na Uganda, wakati watu huku walikuwa bado wanaezeka upya nyumba zilizobomolewa na mizinga. Kisha ukaja ule ugonjwa ambao mwanzoni tuliuita Juliana, kwa jina la mashati ya magendo yaliyokuwa yanavuka mpakani. Wengine walisema ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiana. Mimi nilikuwa nazika wenzangu wa darasa moja, na maabara yetu haikuwa na cha kupimia. Vipimo vilikuja baadaye, na nyuma ya vipimo wakaja watafiti, na nyuma ya watafiti ikaja kompyuta moja yenye kioo cha kijani, pamoja na kisanduku cha kuiunganisha na simu. Kisanduku hicho kinaitwa modemu. Ninyi hamkukiona, na sauti yake hamuijui. Kilikuwa kinalia kama nguruwe anayekamatwa. Mhudumu wetu wa usafi alikataa kabisa kufagia kile chumba mpaka nikizime.

Kazi ya kompyuta ile ilikuwa faili moja. Virusi vya ukimwi vinapojinakili hukosea, na kosa likidumu tunaliita badiliko. Virusi vya mtu wa Kamachumu, huku kwetu, si sawasawa na vya mtu wa Lusaka. Basi watafiti wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba kila badiliko litakaloonekana popote liingizwe kwenye hifadhidata moja, na kila maabara iwe na nakala yake. Sisi tuliliita faili kubwa. Makubaliano yalikuwa mepesi: unaweka ulichokiona, unachukua walichokiona wenzako. Ijumaa nilikuwa natuma ya kwetu Dar es Salaam kwa simu, mashine ya Dar inaituma mbele, na wiki inayofuata linarudi faili lenye mapya ya Kampala, Nairobi, Lusaka na Ulaya.

Mashine ya kusoma mabadiliko hatukuwa nayo. Tulitenga seramu, yale maji ya damu, tukaigandisha, ikapanda ndege kwenda Ulaya kwenye maabara ya Profesa, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa mradi. Yeye alisoma, akaturudishia herufi za mpangilio wa virusi, mimi nikaziingiza kwenye faili pamoja na mahali damu ilipotoka na majibu ya kipimo chetu. Yaani damu ilikuwa ya kwetu na macho yalikuwa ya kwao. Sikuona ubaya wowote. Nilijiona mtu wa maana sana, na wala sioni haya kusema hivyo.

Laini ya simu ndiyo iliyonitoa jasho. Bukoba kuna radi, mnaijua. Radi ya ziwani iliunguza modemu yetu ya kwanza mbele ya wageni waliokuja kuikagua, moshi ukatoka, mgeni mmoja akaingia chini ya meza. Baada ya hapo nilikuwa nikiona wingu upande wa ziwani nachomoa waya, hata kama faili limefika katikati. Na likikatika katikati unaanza upya. Nilikuwa naanza upya mpaka natokwa machozi.

Aliyeniokoa ni Ta Fulgensi, mzee wa ofisi ya simu. Wakati wa vita alikuwa anashughulikia simu za upepo kule karibu na mpaka. Siku moja nilikwenda kumgombeza kuhusu laini, akaniacha niseme mpaka nikachoka.

"Umemaliza, mwanangu?" akaniuliza.

"Nimemaliza, waitu," nikamjibu kwa heshima.

"Sasa niambie. Unatuma barua yote kwa mkupuo mmoja?"

"Ndiyo."

"Basi kosa si la laini. Vitani tulikuwa tunakata ujumbe vipande vifupi. Kipande kikifika, mwenzako anajibu nimepata, ndipo unatuma cha pili. Ukituma mzigo wote, bomu moja linakuharibia vyote."

Tangu siku hiyo nikawa nakata faili vipande. Nawaambia hata leo, pamoja na intaneti yenu ya kasi, kateni mzigo vipande na ngojeni jibu. Na soma jina la faili kabla hujalituma. Mimi niliwahi kutuma maabara zote, badala ya mabadiliko, barua niliyomwandikia dada yangu wa Mwanza kumweleza senene wa mwaka ule, wale panzi wetu wa kula, walivyo wanono. Mtafiti mmoja wa Ulaya alinijibu kwa heshima akiuliza kama senene ni aina mpya ya virusi na wamepatikana kwa wagonjwa wangapi. Nakato, fundi mwenzangu wa Kampala, ambaye hatujaonana uso kwa uso mpaka leo, aliandika neno moja tu: "Niletee." Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza.

Sasa tuvuke kwenda visiwani.

Mradi ulitaka damu ya wavuvi wa visiwa vya Muleba. Huko watu wametoka kila pembe, Ukerewe, Majita, Sengerema, na wanahama na samaki. Kuwatoa damu kuna adabu yake. Usifike asubuhi mitumbwi inapotia nanga, watakufukuza. Usivae koti jeupe. Ngoja dagaa waanikwe, watu wamekula, kaa chini kwenye nyavu kama wao, useme shida yako. Waliniuliza swali moja kila kambi: "Majibu tutayapata?" Sampuli zilikuwa na namba tu, bila majina, kwa hiyo niliwaambia majibu ya mtu mmojammoja hayatakuwepo, lakini tukigundua jambo la hatari tutarudi kuwaambia. Niliwaambia hivyo kwa sababu ndivyo mradi ulivyoniagiza niwaambie.

Mmoja wao alikuwa Magesa, Mjita, mrefu, mtani kupindukia. Alinyoosha mkono huku akisema, "Ninyi Wahaya mmesoma vitabu vikaisha, sasa mnataka kusoma na damu za watu." Magesa huyu alikuwa analeta sangara mjini, na nyumba mojawapo aliyoiuzia ilikuwa ya kaka yangu Anatoli, Hamugembe. Yustina alimpenda kwa sababu hapunji, na kwa sababu akifika lazima acheke na watoto kwanza ndipo ataje bei.

Mvua za masika zilipokuwa zimeshakatika, Yustina alianguka jikoni. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi na imepasuka. Alifikishwa hospitali midomo imekuwa myeupe. Daktari akasema apasuliwe sasa hivi na damu ipatikane. Mnajua ilivyokuwa, ndugu ndio benki ya damu. Anatoli kundi lake halikulingana. Mimi pia langu halikulingana. Shemeji yetu mmoja alikuwa na malaria imemjaa. Magesa alikuwa amekuja na ndoo ya samaki nyumbani, akakuta vilio, akaiacha ndoo mlangoni akakimbia hospitali. Kundi lake likalingana.

Nilimpima virusi mimi mwenyewe. Kipimo kilikuwa kimoja, kilekile tulichoambiwa na mradi kuwa kinatosha. Nikakisoma, nikamwita mwenzangu akakisoma. Hasi. Damu ikatundikwa, Yustina akapasuliwa salama, akafumbua macho, akauliza kama ng'ombe amepewa maji.

Alipotoka hospitali, baba yetu, aliyekuwa anaishi kwa Anatoli, aliandaa shukrani. Kwetu Wahaya zamani watu wawili walipotaka kuwa ndugu walichanjana kidogo, buni ikapakwa damu, kila mmoja akameza ya mwenzake. Huo ndio unywani, na ukishanywana na mtu huwezi kumficha jambo la kumdhuru. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshatufundisha kuogopa wembe. Baba akasema, "Damu imeshapita kwenye mpira, hakuna haja ya kuchanja. Tutafune buni tu." Wakatafuna, Yustina na Magesa, mbele ya ukoo. Magesa akatema maganda akasema Wahaya kwa kweli wana njaa, wanakula kahawa mbichi. Tulicheka sana siku hiyo.

Hebu sasa nisikilize vizuri, wewe wa mstari wa pili.

Miezi ikapita. Yakaja majira ya senene. Siku moja nafungua barua za wiki, nakuta ya Nakato. Aliandika kwamba ametoka kwenye mkutano wa watafiti, na mtu wa maabara ya Profesa amebandika bango ukutani kuhusu badiliko jipya ambalo kipimo fulani hakilioni. Virusi vimo ndani, kipimo kinasema hamna. Bango lilisema sampuli imetoka upande wa magharibi wa ziwa. "Hicho kipimo si ndicho mnachotumia ninyi?" aliniuliza. "Kwenye faili kubwa silioni badiliko hili. Ninyi mnalo?"

Kilikuwa ndicho. Nikafungua faili, nikapekua kuanzia mwanzo. Halikuwamo. Nikamwandikia Profesa nikimuuliza kwa upole tu, maana bado nilidhani kuna kosa la laini. Akajibu. Ninayakumbuka maneno yake kwa sababu niliyasoma nikiwa nimesimama. Alisema ni kweli, sampuli mojawapo ya visiwani ilikuwa na badiliko hilo. Alisema wameliweka kando kwa muda, mpaka jarida likubali makala, ili kazi ya miaka isije ikadakwa na wengine. Akaniomba nisilitangaze. Akanishukuru kwa mchango wangu.

Nikamuuliza mmelijua tangu lini. Akajibu bila wasiwasi wowote: tangu masika.

Tangu masika! Yustina aliongezewa damu masika yamekwisha. Wao walikuwa wameshajua. Walijua kipimo kile ni kipofu, walijua tunakitumia kwenye damu ya kuwaongezea wagonjwa, na barua ya kuniambia "acheni" ingefika kwangu wiki ileile kwa laini ileile niliyokuwa ninawatumia jasho langu kila Ijumaa. Hawakuhitaji hata kunipa herufi za badiliko lao. Walihitaji kuniambia tu kipimo kile kisitumike peke yake.

Nilikwenda kwa daktari mkuu wetu. Akasoma, akavua miwani, akaivaa tena. "Leokadia, jambo hili ni nyeti. Mradi huu unalipa hata umeme wa wodi. Tusubiri kidogo." Nikamwambia yeye asubiri.

Niliazima kipimo cha aina nyingine kwenye hospitali ya misheni. Nikaenda Hamugembe, nikamkuta Yustina anamenya ndizi. Nikamweleza yote, sikumficha hata neno, kisha nikamtoa damu. Ikawa chanya. Magesa naye nikamtafuta, naye ikawa chanya. Sampuli ile ya Ulaya kama ilikuwa ya kwake au ya mwenzake wa mtumbwi sitajua, maana haikuwa na jina. Magesa alikuja akakaa nje ya jiko la Yustina, analia kwa sauti, mtu mzima yule. Anarudia, "Nimemuua ndugu yangu, nimemuua ndugu yangu." Baba alitoka ndani akamshika bega. "Hukujua, mwanangu. Aliyejua hayuko hapa. Ingia ule." Akaingia, akala.

Kesho yake niliandika tangazo. Sikuwa na herufi za badiliko, nikaandika nilichokijua: jina la kipimo, kwamba kuna virusi kisivyoviona, kwamba mgonjwa ameshaambukizwa kwa damu, kwamba kila anayekitumia akiongezee kipimo cha pili leo. Nikalituma maabara zote, kipande kimojakimoja. Nakato alijibu wa kwanza, wamesimamisha. Lusaka wakajibu. Hospitali moja ambayo hata sikujua ina kompyuta ikajibu kwamba walikuwa na chupa za damu kwenye friji, zimepimwa kwa kipimo hichohicho, na wanazipima upya zote.

Daktari mkuu alichukua ufunguo wa chumba cha kompyuta. Nikaambiwa nirudi kwenye minyoo.

Baada ya wiki chache Profesa akaja mwenyewe kwa ndege ndogo. Simsingizii, hakuwa mtu katili. Alikuwa mtaratibu, Kiswahili anakijua, aliwaletea watoto wa wahudumu peremende. Tuliketi chumba cha kompyuta, yeye, daktari mkuu na mimi. Akasema nimevunja uaminifu. Nikamuuliza uaminifu upi, ule wa faili kubwa wa kuweka unachokiona, au upo mwingine tusioujua sisi wa huku? Akasema utafiti una taratibu zake, na kwamba mtu asipolinda kazi yake hapati fedha za kuiendeleza. Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya nishike ukingo wa meza. Alisema, sauti imeshuka, kwamba damu ya yule mama aliyeongezewa ingekuwa na thamani kubwa sana kisayansi, kwa sababu ingeonyesha badiliko lilivyo likishahamia kwa mtu mwingine. Je, naweza kumwomba?

Nilifungua mdomo kumjibu, na majibu niliyokuwa nayo si ya kuandikwa. Daktari mkuu akaniwahi, akasema ni haki ya mgonjwa kuulizwa mwenyewe.

Yustina aliishi miaka michache baada ya hapo. Alikufa kabla dawa hazijafika Kagera, na Magesa alimtangulia. Lakini siku ile alikuwa bado na nguvu zake. Tulipomwita alikuja kwa miguu kutoka Hamugembe, amevaa gauni la kanisani, akamsalimia Profesa kwa heshima, akasikiliza ombi lake mpaka mwisho.

"Nitatoa," akasema. Akakunja mkono wa gauni. "Lakini mliyoyaficha, yatumeni kwanza. Sasa hivi, nikiwa nimekaa hapa. Kwa wote."

Profesa akamtazama daktari mkuu. Daktari mkuu akatazama dirishani. Kisha Profesa akafungua mkoba wake, akatoa disketi, akaniwekea mkononi.

Nikaketi. Nikaingiza disketi, nikaliona lile badiliko kwa mara ya kwanza, mistari michache tu ya herufi. Nikaliweka kwenye faili kubwa. Halikuhitaji hata kukatwa vipande. Modemu ikalia kelele zake, Yustina akashtuka kidogo, akaniuliza kama imeharibika. Nikamwambia ndivyo inavyoongea. Ikanyamaza. Kwenye kioo likatokea neno kwamba Dar wamepokea.

"Bado?" Yustina akauliza.

"Tayari, wifi. Imefika."

Aliitazama ile mashine, akamtazama Profesa, akanirudia mimi. Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa mezani.

"Ni hivyo tu?" akaniuliza.